Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini na Petroli wa Afrika Kusini: pimeni Karoo kabla ya kuipasua

YAH: MASHARTI YA JARIBIO LA KWANZA LA KUPASUA MIAMBA KWA MAJI KATIKA VISIMA VYA UTAFUTAJI WA GESI, KAROO

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Sisi ni wahandisi wa visima na wanajiolojia. Tunakuandikia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika) tangu 2019, kwa kuwa jambo hili haliishii mpakani kwenu. Miamba ya mfumo wa Karoo, uliopewa jina la nyanda zenu kame, imeenea hadi Ruhuhu na Tanga nchini Tanzania, na hadi Taru, Maji ya Chumvi na Mariakani katika pwani ya Kenya. Siku mwekezaji atakapobisha hodi huku kwetu na ombi kama hilo, watu wataanza kwa kuuliza Afrika Kusini walifanyaje.

Hatupingi jaribio la kusukuma maji kwa presha kubwa chini ya ardhi ili mwamba upasuke na gesi itoke. Ombi letu ni kuhusu utaratibu: vipimo vya msingi vya maji, vya mitetemo na vya uimara wa kisima vikamilike, vihakikiwe na mtu asiye wa kampuni, na vichapishwe, ndipo pampu iwashwe. Mwamba ukishapasuliwa, hakuna tena njia ya kujua maji ya mkulima yalikuwaje jana yake.

Haja ya jaribio lenyewe ni ya kweli, maana hesabu za gesi ya Karoo zimeyumba mno. Mwaka 2011 wakala wa takwimu za nishati wa Marekani alikadiria futi za ujazo trilioni 485 zinazoweza kutolewa, na mwaka 2013 akashusha hadi 390. Baadaye watafiti wa vyuo vikuu vyenu, wakitumia sampuli za visima viwili walivyochimba 2015 na 2016, walikadiria takriban trilioni 13. Tofauti ya namna hiyo haitatuliwi mezani. Lakini pia haitatuliwi na mwali wa moto wa siku moja uliopigwa picha kwa magazeti. Kisima cha Cranemere, kilichochimbwa na Soekor, kampuni ya serikali yenu ya kutafuta mafuta, mwaka 1968, kilitoa gesi kwa kiwango cha futi za ujazo milioni 1.84 kwa siku kutoka kina cha mita 2,500 hivi, kisha mtiririko ukashuka upesi ndani ya jaribio la saa 24. Huo ndio mwenendo wa gesi iliyokuwa imejikusanya kwenye nyufa za asili: nyufa zikiisha, mwamba wenyewe hautoi. Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni kwamba kiwango cha siku za mwanzo kisitangazwe kuwa matokeo. Kisima kitiririshwe kupitia choki (tundu la kudhibiti mtiririko) ndogo isiyobadilishwa-badilishwa, gesi na maji vipimwe kwenye kitenganishi, geji ya presha iwe chini kabisa ya kisima, na jaribio lidumu siku 90 kwa uchache.

Hata kabla ya upasuaji mkubwa lipo jaribio dogo ambalo linatoa majibu mengi kwa gharama ndogo, na tunaomba liwe la lazima katika kila kisima. Hutobolewa sehemu fupi ya kesingi (bomba la chuma linalokinga kuta za kisima), chini ya mita moja. Husukumwa maji yaliyotiwa chumvi ya potasiamu, mita za ujazo 3 hadi 8 tu, kwa kasi isiyobadilika ya takriban mita moja ya ujazo kwa dakika. Mwamba ukipasuka, presha hushuka ghafla. Pampu huendelea dakika chache kisha huzimwa kwa mara moja. Kuanzia hapo hakuna anayegusa kisima. Geji hurekodi kila sekunde jinsi presha inavyoshuka, kwa siku kadhaa na mara nyingi kwa wiki kadhaa. Kutokana na mchoro huo hupatikana presha ambayo ufa hujifunga, presha ya asili ya gesi ndani ya mwamba, na uwezo wa mwamba kupitisha gesi. Ikiwa mwamba haupitishi na presha yake ni ndogo, kisima kinaweza kufungwa hapo hapo bila kutumia lita nyingine za maji ya Karoo.

Jaribio hili huharibika kwa sababu za kizembe. Geji ikiwekwa juu ya ardhi wakati presha ya mwamba ni ndogo, usawa wa maji hushuka kisimani, geji inasoma sifuri, na wiki mbili zinapotea. Valvu inayovuja kidogo tu huonekana kwenye mchoro kama mwamba unaopitisha vizuri, na huo ni uongo unaompendeza mwekezaji. Hewa iliyobaki kwenye mabomba huharibu dakika za kwanza. Na mara nyingi mno msimamizi, akihesabu gharama ya mitambo inayosubiri, hufungua kisima kabla ufa haujajifunga. Kanuni iseme wazi kwamba muda wa kusubiri unaamuliwa na mchoro.

Sasa uimara wa kisima, ambao kwenu una ugumu wake. Karoo imekatwa-katwa na kuta na mabamba ya doleriti, mwamba mgumu uliotokana na magma, yaliyoingia kwenye miamba miaka milioni 183 hivi iliyopita. Kingo za kuta hizo zina nyufa, na wakulima wanalijua hilo kuliko sisi: visima vyao vya maji huchimbwa kandokando yake kwa sababu ndiko maji yalipo. Kwa mchimbaji wa gesi, nyufa hizo hizo humeza saruji. Saruji hupigwa kwa hesabu ya kufika juu, lakini sehemu yake hutorokea kwenye doleriti, na nyuma ya kesingi hubaki mita mia kadhaa zisizo na kitu. Huko ndiko gesi hupanda, na visa vingi vya gesi kuingia kwenye maji ya visima huanzia hapo, mbali juu ya ufa uliopasuliwa chini.

Kwa hiyo kesingi ya juu ivuke tabaka la mwisho la maji baridi na saruji yake irudi hadi usoni mwa ardhi, ionekane kwa macho. Palipo na doleriti, saruji iwe nyepesi au ipigwe kwa awamu mbili, na vishikilizi vya kuiweka kesingi katikati ya shimo visipunguzwe kwa ajili ya kuokoa fedha, maana kesingi ikiegemea upande mmoja saruji haipiti upande huo. Baada ya saruji kukaza, kipimo cha sauti kishushwe kisimani kuonyesha iliposhika na isiposhika, na picha yake yote ikabidhiwe, si muhtasari wa ukurasa mmoja. Kesingi ijaribiwe kwa presha inayozidi ile ya juu kabisa itakayotumika kupasua, kwa dakika 30. Wakati wa kupasua, nafasi kati ya kesingi na kesingi iwe na geji na valvu ya kuachia presha. Presha ikipanda hapo, kazi inasimama dakika hiyo.

Kuhusu maji ya visima vya wakulima, tunaomba miezi 12 ya sampuli kabla ya jaribio, ili msimu wa mvua na wa ukame yote yaonekane. Kupima methani peke yake hakutoshi. Methani ya asili imeshakutwa katika baadhi ya chemchemi na visima vya Karoo, na bila alama zake kila upande utadai lake mahakamani. Pimeni isotopu (aina za atomi zenye uzito tofauti) za kaboni na haidrojeni ndani ya methani hiyo, pimeni ethani, kloridi na bromidi, strontiamu na radiamu. Ethani huwa kidogo sana katika gesi inayotengenezwa na bakteria karibu na uso wa ardhi, hivyo ikijitokeza ghafla kisimani ni dalili ya gesi ya kina.

Mitetemo ya ardhi. Mwaka 2011, kisima cha Preese Hall karibu na Blackpool, Uingereza, kilisababisha tetemeko la ukubwa wa 2.3, saa 10 hivi baada ya pampu kuzimwa, na kesingi yake ikapinda. Ufa mkuu uliohusika haukuwa umejulikana, kwa kuwa uchunguzi wa pande tatu wa eneo hilo ulikuwa haujafanywa. Waingereza wakaweka kikomo cha 0.5: kikivukwa, pampu inasimama. Hata hivyo Agosti 2019, kwenye kisima cha Preston New Road, tetemeko la 2.9 lilikuja zaidi ya siku mbili baada ya usukumaji wa mwisho, na Novemba serikali ikasitisha shughuli nchini kote. Kikomo peke yake humzuia mtu baada ya jambo kutokea. Tunashauri kila hatua ya kupasua ifuatwe na siku za kungoja, na usukumaji usirudiwe ikiwa mitetemo midogo inaongezeka au inajipanga kwenye mstari mmoja, hata kama yote iko chini ya kikomo. Vipima tetemeko viwekwe miezi 6 kabla, baadhi yake ndani ya mashimo ili kelele za upepo na magari zisivizibe. Msisahau kwamba Ceres na Tulbagh, pembezoni mwa bonde la Karoo, zilipigwa na tetemeko la 6.3 mwaka 1969.

Maji yanayorudi baada ya kupasua ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi. Sehemu ya maji yaliyosukumwa, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 40, hurudi juu yakiwa na chumvi nyingi, bariamu na radiamu ya mwamba. Yahifadhiwe kwenye matangi ya chuma yaliyofunikwa, yenye ukingo wa kuzuia mmwagiko. Mashimo ya wazi yenye karatasi ya plastiki yapigwe marufuku. Pennsylvania waliwahi kuyapeleka kwenye mitambo ya majitaka ya miji, na mwaka 2011 wakalazimika kuwaomba wachimbaji waache, kwa sababu mitambo hiyo haiondoi chumvi. Beaufort West, mji ulio katikati ya eneo mnalolitaka, mwaka 2011 ulianza kusafisha majitaka yake kuwa maji ya kunywa, na mwishoni mwa 2017 bwawa lake la Gamka lilikauka. Lori moja la maji ya kisima cha gesi likimwagwa kwenye mfereji wa majitaka wa mji kama huo linaweza kuishia kwenye mtambo wa maji ya kunywa ya watu. Kila lori liwe na hati ya kupokelewa inayoonyesha ujazo ulioondoka na ujazo uliofika.

Jambo la kisheria, kwa ufupi: kanuni za 2015 zilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2019 kwa sababu waziri wa madini alitunga masharti ya mazingira yasiyo chini ya mamlaka yake. Masharti tunayoyaomba yanagusa mazingira na maji. Yatungwe pamoja na mawaziri wenzako wanaohusika, la sivyo yataanguka tena na kisima kitabaki bila kanuni.

Mwisho tunaomba data. Kibali kiseme kwamba michoro ya presha, picha za saruji, kumbukumbu za mitetemo, orodha ya kemikali kwa majina na kiasi, na matokeo ya sampuli za maji vitakabidhiwa kwa Baraza la Jiosayansi, taasisi yenu ya taifa ya jiolojia, ndani ya siku 30 baada ya kila hatua, na kuwekwa wazi kama vilivyo, hata kisima kikiwa kikavu. Kisima kikavu chenye data kamili kitawafaa wanajiolojia wa Dodoma, Nairobi na Gaborone, na kitawaokoa wengine wasichimbe shimo lile lile mara ya pili.

Wako katika kazi,

Wahandisi wa visima na wanajiolojia, Afrika Mashariki