Hesabu mabawa kwanza

Muleba

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo hapa nyumbani. Barua yako imefika, na lile jedwali la oda za wadudu, yaani makundi yao makubwa, ulilonakili ubaoni nimelisoma lote. Majina ni sahihi, lakini ukiyakariri hivyo yatakutoka mara tu baada ya mtihani. Kwa kuwa mwalimu amewataka mlete wadudu wenyewe, yaweke majina kando kwanza, uanze na mdudu aliye mkononi.

Hakikisha kwanza kweli ni mdudu: kichwa, kifua, tumbo, miguu sita, na papasi, yaani vipapasio vya kichwani, jozi moja. Buibui na kupe wana miguu minane. Tandu na jongoo hata usihangaike kuhesabu. Ukishavuka hapo, tazama mabawa. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga viumbe, mwaka 1758 aliwagawa wadudu katika oda saba, zote kwa majina ya mabawa. Katika ile ya saba, ya wasio na mabawa, aliwatupia humo chawa, viroboto, buibui na hata kaa! Hayo yamekwisha kurekebishwa, ila pa kuanzia pake bado ni pazuri kuliko rangi au ukubwa.

Anza na senene, maana huyo umemnyonyoa tangu utotoni na vidole vyako vinamjua. Bawa la mbele ni jembamba na gumu kiasi, limefunika la nyuma ambalo ni laini na hukunjuka likawa pana. Mguu wa nyuma ni mnene, wa kurukia. Taya ni za kutafuna, ndiyo maana hung'ata ukimshika vibaya. Hiyo ni oda ya Orthoptera. Panzi wa bustanini yumo humo humo, lakini usiwachanganye kama wafanyavyo watu wa sokoni. Papasi za senene ni nyembamba na ndefu kupita mwili wake, za panzi ni fupi. Senene ana masikio kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Panzi anayo ubavuni, tumbo linapoanzia. Senene jike ana kifaa kirefu bapa nyuma, cha kutagia mayai. Bibi yako anakijua vizuri, ingawa enzi zake wanawake walikamata na kukaanga bila kuruhusiwa kuonja. Mila nyingine, ni bora zimekufa.

Wa pili mtafute shambani: fukusi wa migomba. Mabawa yake ya mbele yamekuwa magamba, yanakutana mgongoni kwa mstari ulionyooka. Ukiona mstari huo umepata Coleoptera, mbawakawa, oda kubwa kuliko zote. Kati ya spishi kama milioni moja za wadudu zilizokwisha kupewa majina, mbawakawa peke yao wanakaribia 400,000. Fukusi ana pua ndefu, na hapo wanafunzi wengi hudhani anafyonza. Sivyo, taya ziko kwenye ncha ya pua hiyo, anatafuna. Buu wake ndiye anayetoboa kitako cha mgomba mpaka upepo unauangusha.

Anayefyonza ni antestia wa kwenye kahawa. Mgeuze tumbo juu, utaona mrija mgumu umelazwa chini ya kifua. Bawa lake la mbele ni nusu gumu, nusu laini, na mgongoni pana pembetatu. Hiyo ni Hemiptera. Wamo vidukari, wamo nyenze, na kunguni wa kitandani naye yumo japo hana mabawa ya kuruka. Mrija ndio unaomsaliti.

Nyuki na nzi watakupa kazi kidogo. Wako nzi wenye mistari ya njano na nyeusi, wanazungukazunguka maua, na watu wazima huwakimbia. Nzi na mbu, yaani Diptera, wana jozi moja tu ya mabawa. Ya nyuma yamebaki vijiti viwili vifupi vyenye vinundu, vya kuwaweka sawa angani. Nyuki ana jozi mbili, ila la mbele na la nyuma hushikana kwa vikulabu vidogo, kwa hiyo yachokonoe taratibu kwa sindano kabla hujahesabu. Nyuki, nyigu na siafu ni Hymenoptera, wengi wao wakiwa na kiuno chembamba. Na lile dubwana la kahawia lenye tumbo refu linalojigonga kwenye taa usiku? Hilo ni dume la siafu.

Kumbikumbi, yaani mchwa mwenye mabawa, si wa oda hiyo, hata kama ana umbo la sisimizi. Kiuno chake ni kinene, papasi zimenyooka badala ya kupinda katikati, na mabawa yote manne yanalingana urefu. Kitabu chenu bado kinawaweka mchwa katika Isoptera. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ni ukoo wa mende, na sasa huwekwa pamoja nao katika Blattodea. Kwenye mtihani andika cha kitabu upate alama zako, lakini ukweli uujue.

Kiroboto mwili umebanwa ubavu kwa ubavu, chawa umebanwa juu na chini. Oda mbili tofauti. Funza anayeingia vidoleni ni jamaa ya kiroboto, naye ni mgeni: aliletwa Angola na meli kutoka Brazili mwaka 1872, akasambaa Afrika mpaka kwetu. Kerengende utamjua kwa macho makubwa na mabawa asiyoweza kuyalaza mgongoni. Vipepeo na nondo wana magamba madogo sana ya rangi, huo unga unaobaki vidoleni.

Kwa sababu hiyo vipepeo usiwatie kwenye spiriti. Wafunge kwenye karatasi iliyokunjwa pembetatu. Mbawakawa mchome pini kwenye gamba la kulia, si katikati. Andika siku na mahali ulipomkamata, maana mdudu asiye na kibandiko hicho mimi ningempa sifuri.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama sweta inakutosha. Ukikwama na yeyote, niandikie ana mabawa mangapi na mdomo wa namna gani, rangi baadaye.

Baba yako