Barua ya wazi kwa binamu aliyekwenda kuchemsha chai

Binamu yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, ninakuandikia hadharani kwa sababu ulinishinda hadharani. Sikukuu iliyopita, mbele ya wadogo zetu wote, ulinibwaga kwa maswali kuhusu The Blues Brothers, filamu ya Marekani ya vichekesho na muziki, hata nikabaki nimetoa macho. Ulijua kwamba gari la wale ndugu wawili, Jake na Elwood, ni Dodge Monaco ya mwaka 1974 iliyokuwa ya polisi wa Mount Prospect. Ulijua kwamba anwani iliyoandikwa kwenye leseni ya Elwood, 1060 West Addison, ni ya uwanja wa besiboli wa Wrigley Field. Ulijua hata kwamba karani anayepokea dola 5,000 za kodi, ambazo ndugu hao wanazihangaikia ili kukiokoa kituo cha yatima walikolelewa, ni mwongozaji filamu Steven Spielberg mwenyewe. Nilikubali kushindwa. Lakini tulipoiwasha filamu yenyewe, na mwimbaji wa bluzi John Lee Hooker akaanza kuimba pale sokoni, uliinuka ukaenda jikoni kuchemsha chai. Barua hii inahusu chai hiyo.

Kwanza unidai kidogo na mimi nikudai. Ulisema kwamba Jake na Elwood hawavui miwani ya jua kamwe. Si kweli. Jake anaivua mara moja, pale alipopiga magoti mbele ya yule mwanamke mwenye bunduki, anayeigizwa na Carrie Fisher, akimmiminia visingizio vya kumwacha siku ya harusi. Anaivua, anamtazama machoni, mwanamke analainika, kisha bwana yule anamwangusha chini na kwenda zake. Anayebaki na miwani mwanzo hadi mwisho ni Elwood. Alama moja ni yangu.

Sidharau habari za magari. Nami hufurahi kila ninapokumbuka kwamba lile duka kubwa wanalopita ndani yake wakifukuzwa na polisi lilikuwa duka la kweli, Dixie Square la huko Harvey, Illinois, lililofungwa mwaka 1978, na kwamba watengenezaji walilijaza bidhaa upya ili wapate kulivunja. Ila habari ya gari huishia kwenye gari. Habari ya mtu hukupeleka kwa mtu mwingine, na ndiko ninakotaka kukupeleka.

Chukua jina la Curtis, yule mzee wa kituo cha yatima anayeigizwa na Cab Calloway. Mwaka 1977 John Belushi, aliyemwigiza Jake, alikuwa mjini Eugene, Oregon, akiigiza filamu nyingine, na huko akamsikia kijana mmoja mwimbaji na mpigaji wa kinanda cha mdomo aitwaye Curtis Salgado. Wakawa marafiki, na Salgado akamfungulia mlango wa bluzi, muziki ambao Belushi hakuwa ameuzingatia hapo kabla. Mwaka uliofuata Belushi na Dan Aykroyd, aliyemwigiza Elwood, wakapanda jukwaani katika kipindi cha vichekesho cha televisheni, Saturday Night Live, wakiwa na suti nyeusi na kofia, na filamu ilipotoka mwaka 1980 mzee yule akapewa jina la mwalimu. Hilo ndilo swali ambalo ningependa uwaulize wadogo zetu.

Au chukua wimbo wa Soul Man. Waimbaji wawili Sam na Dave walipourekodi mwaka 1967, mpiga gitaa alikuwa Steve Cropper na mpiga besi alikuwa Donald "Duck" Dunn, wote wa studio za Stax mjini Memphis, na katikati ya wimbo mwimbaji anamwita Steve kwa jina ili apige. Belushi alipouimba upya mwaka 1978 alimwita Steve vilevile, na aliyeitika alikuwa Cropper yuleyule, na Dunn yuko palepale kwenye besi. Watu hudhani wachekeshaji wale waliiga bendi ya kale. Kumbe bendi ya kale ndiyo iliyokuwa imesimama nyuma yao.

Ukumbuke pia hali ilivyokuwa. Disko ilikuwa imetawala, na magwiji kama Aretha Franklin na James Brown hawakuwa tena kileleni. Brown, ambaye mwaka 1974 alikuwa amewatikisa watu wa Kinshasa katika tamasha la pambano la Ali na Foreman, miaka michache baadaye anaigiza mchungaji katika kanisa la Chicago. Calloway alitamani kuuimba Minnie the Moocher kwa mtindo wa disko, lakini mwongozaji John Landis akaung'ang'ania ule wa kale wa mwaka 1931, na kwa maoni yangu aliiokoa filamu hapo.

Sasa tuje kwa Hooker. Mahali anapoimba ni Maxwell Street, soko la wazi la Chicago ambako watu weusi waliohama kutoka Mississippi na majimbo jirani walikuja kununua soksi, vyuma chakavu na nyama ya kuchoma, na ambako wanamuziki walivuta nyaya za umeme kutoka kwenye nyumba za jirani ili magitaa yao yasikike katikati ya kelele za wachuuzi. Bluzi ya mashambani ilipata umeme katika mazingira ya namna hiyo. Kwa hiyo wimbo ule haukufunguliwa kutoka kwenye kanda ya studio kama nyimbo nyingi za filamu ile. Ulirekodiwa palepale barabarani. Anayepuliza kinanda cha mdomo ni Big Walter Horton, na kwenye kinanda yuko Pinetop Perkins aliyekuwa akimpigia gwiji wa bluzi Muddy Waters. Mwaka 1994 jiji likalihamisha soko ili chuo kikuu kipanuke, kwa hiyo dakika ile uliyokuwa ukitafuta majani ya chai ni miongoni mwa kumbukumbu za mahali ambapo hapapo tena.

Na wimbo wenyewe, Boom Boom, usikilize unavyokwenda: sauti inatupa neno, kimya, vyombo vinalidaka, sauti inatupa tena, vyombo vinadaka tena. Hooker alisimulia kwamba alikuwa akipiga katika baa ya Apex mjini Detroit, na kwa kuwa alikuwa akichelewa kila usiku, mhudumu mmoja aitwaye Willa alimpokea kwa maneno hayo, "boom boom", kila alipoingia, hadi akaona kwamba wimbo umeshajitunga. Nilicheka niliposoma hivyo, nikakukumbuka wewe na ahadi zako za saa mbili kamili.

Na jambo la mwisho: kwenye santuri ya nyimbo za filamu iliyotolewa mwaka huo wa 1980, Boom Boom haumo. Asiyeutazama pale sokoni hakuusikia.

Nitakuja Jumamosi na filamu ninayo. Chai nitaichemsha mimi kabla hatujaanza, na chupa nitaiweka mezani mbele yako.

Wako,
Binamu yako