Barua ya wazi kwa mnaoomba vyuo vidogo vya Marekani

Wanangu mliofanya KCSE mkapata alama za kuwafanya wazazi wenu watembee vifua mbele, na ambao sasa mnajaza fomu za vyuo vidogo vya Marekani, vile vya liberal arts, yaani vya shahada ya kwanza vinavyofundisha sayansi na sanaa kwa upana: salamu kutoka Kilifi.

Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa kuwa swali mnaloniletea ni lile lile. "Mwalimu, hiki chuo ni kizuri?" Na kwenye simu umenifungulia picha: miti yenye majani mekundu, vijana watatu wa rangi tatu wameketi kwenye nyasi wakicheka. Wanacheka nini, sijui. Hakuna anayecheka vile akisoma kemia. Miaka yangu yote ya ualimu sijaona chuo kilichotoa tangazo la kujiponda, kwa hiyo picha tuziweke kando. Mimi nataka mniambie chuo hicho kitakulipia kiasi gani na kwa miaka mingapi, nani hasa atakufundisha unachokitaka, na kama kitakuwa kingali wazi siku yako ya kuhitimu.

Jina lisiwasumbue. Ukimwambia mjomba wako unakwenda Grinnell, atauliza kama ni hospitali. Mwache. Williams ilianzishwa 1793, Amherst 1821, Grinnell 1846, na mpaka leo kila kimoja kina wanafunzi wasiozidi elfu mbili hivi. Kofi Annan alihitimu Macalester, kule Minnesota, mwaka 1961. Wangari Maathai wetu aliondoka Kenya 1960 na wale waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani, akapelekwa chuo kidogo cha watawa wa Kikatoliki mjini Atchison, Kansas, akasoma biolojia hadi 1964. Nani Kenya alikuwa amesikia Atchison? Chuo kidogo kisichojulikana kinaweza kumtoa mtu. Kinaweza pia kumwacha na deni na aibu, na picha za majani mekundu ni zile zile.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi huumia.

Bei iliyoandikwa kwenye tovuti isiwatishe, wala barua ya ufadhili isiwalevye. Vyuo vingi vya binafsi vya Marekani hutangaza bei ambayo wanafunzi wao wengi hawailipi. Punguzo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa wastani limepita nusu ya karo. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepata skolashipu ya dola elfu thelathini", usimpongeze bado. Muulize zimebaki ngapi.

Chukua chuo cha mfano. Karo, malazi na chakula kwa mwaka ni dola 68,000. Barua inasema umepewa 60,000 kila mwaka. Nyumbani vigelegele. Zimebaki 8,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja ukihesabu dola kwa 129. Ukoo unasema tutafanya harambee. Haya. Sasa tuseme gharama zinapanda kwa asilimia 4 kila mwaka, jambo lisilo geni huko, na msaada wako umeandikwa kwa dola kamili usiopanda. Mwaka wa pili utadaiwa 10,720. Wa tatu, 13,549. Wa nne, 16,491. Jumla ya miaka minne ni dola 48,760, zaidi ya shilingi milioni sita na robo, na bado hatujataja tiketi ya ndege, bima ya afya, vitabu wala koti la baridi. Harambee ya kwanza watu watakuja. Ya tatu, simu hazitapokelewa.

Ndiyo maana nasema uandike barua pepe kwa ofisi ya ufadhili, kwa adabu lakini waziwazi: karo ikipanda, msaada wangu utapanda? Alama zangu zikishuka chini ya kiwango gani ninanyang'anywa? Bima ya afya imo? Jibu la simu halitoshi. Litake kwa maandishi.

Kuna na kodi, ambayo hakuna anayeitaja. Msaada unaolipia karo hautozwi kodi. Ule unaolipia chumba na chakula hutozwa, kwa mgeni mwenye F-1, yaani visa ya mwanafunzi, asilimia 14, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa. Kama katika zile 60,000 karo ni 52,000, basi 8,000 zilizobaki zinadaiwa dola 1,120. Bili hiyo humkuta mtu hajajiandaa kabisa.

Na tafadhali, wazazi mtakaosomewa barua hii, acheni kusema "atafanya kazi huko ajilipie". Sheria inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na vyuo vingi vidogo humpa saa kumi hivi. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ingawa majimbo kadhaa hulipa zaidi. Saa kumi kwa wiki thelathini ni dola 2,175. Hizo ni za sabuni, simu na viatu vya theluji. Hazilipi karo, wala hazitajenga nyumba Ganze.

Vyuo havifanani katika kuwachukua wageni. Amherst na Bowdoin huamua kukuchukua bila kuangalia mfuko wa baba yako, hata kama wewe si Mmarekani, kisha hujaza pengo lote wanaloona familia haiwezi kulipa. Vingi vya wenzao hujaza pengo pia, lakini huangalia kwanza pengo lako ni kubwa kiasi gani kabla ya kusema ndiyo. Halafu kuna Berea, Kentucky, ambako tangu 1892 wanafunzi hawalipi karo na kila mmoja lazima afanye kazi chuoni. Wageni wanaochukuliwa kila mwaka ni wachache, lakini anayepata amepata.

Utajuaje chuo kinatoa kiasi gani kwa watu kama wewe? Vyuo vingi huchapisha kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye Google. Nenda sehemu ya H, kipengele H6. Hapo wanaandika ni wanafunzi wangapi kutoka nje ya nchi waliopewa msaada wa chuo chenyewe, na kwa wastani dola ngapi kila mmoja. Ukikuta wastani ni 22,000 na gharama ni 70,000, umeshajibiwa. Usipoteze muda wa insha. Ukiwa humo humo, tazama B22, asilimia ya waliorudi mwaka wa pili. Chuo ambacho mmoja kati ya wanne harudi, kuna kitu kinamkimbiza. Na sehemu ya J inaonyesha shahada wanazotoa kwa kila fani. Msichana mmoja aliniambia anakipenda chuo fulani kwa ajili ya fizikia. Tukafungua J pamoja. Fizikia: sehemu ndogo mno ya wahitimu wote. Akanyamaza, kisha akaomba tufungue kingine.

Hapo kwenye masomo nitakaa kidogo, kwa sababu sifa kuu ya vyuo hivi ni ufundishaji. Darasa la watu kumi na tano, profesa mwenyewe ndiye anayesahihisha kazi yako, hakuna mwanafunzi wa uzamili anayeshika nafasi yake. Williams wana masomo ambayo wanafunzi wawili tu hukutana na mwalimu kila wiki, mmoja anasoma alichoandika, mwingine anamkosoa. Colorado College husoma somo moja tu kwa wiki tatu na nusu, ndipo waende la pili. Grinnell humlazimisha mwanafunzi somo moja tu la mwaka wa kwanza. Mengine anachagua na mshauri wake. Mtoto aliyezoea kukaa nyuma kimya na kunakili ubaoni atababaika. Darasa dogo halina pa kujificha, na kule kunyamaza mbele ya mkubwa, ambako sisi tuliwafunza kuwa ni heshima, wao wataona hukusoma. Jiulize kama uko tayari kubishana na mzee wa miaka sitini saa mbili asubuhi, kwa Kiingereza, juu ya kitabu ulichokimaliza usiku wa manane.

Lakini udogo una bei yake. Idara inaweza kuwa na walimu watatu. Mmoja akienda likizo ya utafiti na mwingine akistaafu, somo unalolihitaji ili uhitimu halifundishwi mwaka huo. Kwa hiyo usisome orodha ya kozi, maana orodha ni ya matumaini. Tafuta ratiba halisi ya mihula miwili iliyopita uone nini kilifundishwa kweli, na majina mangapi yanajirudia. Hesabu walimu wa kudumu katika idara yako. Vyuo vilivyo jirani vinaposhirikiana, shida hii hupungua: mwanafunzi wa Amherst, Smith au Mount Holyoke anaweza kuchukua masomo kwa wenzake na hata Chuo Kikuu cha Massachusetts, na vyuo vya Claremont, California, vimepakana kabisa, unatembea kwa miguu.

Nyinyi mnaotaka udaktari na uhandisi, sikilizeni vizuri. Hapa Kenya ukipata A unaingia udaktari moja kwa moja. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za udaktari hazichukui wageni, au huchukua wachache sana, tena bila msaada wa kutosha. Ukitaka kuvaa koti jeupe haraka, baki Nairobi au Eldoret. Sioni haya kulisema. Uhandisi nao vyuo vingi vya aina hii havina. Swarthmore, Smith, Lafayette na Harvey Mudd wanao. Vingine watakwambia soma hapa miaka mitatu, umalizie miwili kwenye chuo kikuu cha uhandisi. Uliza kama ufadhili wako utavuka nawe. Mara nyingi hauvuki. Na anayewaza kurudi kuwa mwalimu wa sekondari ajue TSC, tume inayoajiri walimu, watamdai mafunzo ya ualimu juu ya shahada yake.

Sasa jambo ambalo zamani hatukuliwazia: chuo kufa. Wells College, New York, kilianzishwa 1868. Mwishoni mwa Aprili 2024 kilitangaza kwamba muhula ule ukiisha kinafunga, na kikafunga. Birmingham-Southern, Alabama, cha tangu 1856, kilifunga milango tarehe 31 Mei mwaka huo huo. Green Mountain, Vermont, kilikuwa kimetangulia 2019. Sweet Briar, Virginia, kilitangaziwa kifo 2015 lakini wanawake waliosoma pale wakachanga pesa wakaenda mahakamani, na kingali kipo. Mmarekani chuo kikifungwa anarudi kwao kulia. Wewe visa yako imefungwa kwenye chuo hicho. Lazima upate kingine haraka, na skolashipu inabaki kaburini.

Wizara ya Elimu ya Marekani hukipa kila chuo cha binafsi alama ya hali ya fedha, kutoka hasi 1 mpaka 3. Kuanzia 1.5 kimefaulu. Alama hizo ziko wazi kwa umma. Tazama pia idadi ya wanafunzi kwa miaka kumi. Ikiwa inateremka kila mwaka na idara zinafutwa, huku barua pepe za kukubembeleza zinaongezeka na siku ya mwisho ya maombi inasogezwa mbele kila mara, wanakuhitaji kuliko unavyowahitaji.

Kisha uliza watu. Mwenye kwenda kuposa haulizi sifa za binti kwa wazazi wake. Anapita kwa majirani. Majirani wenu ni wanafunzi wa Afrika Mashariki walio mwaka wa tatu au wa nne pale. Watafuteni WhatsApp na LinkedIn, msiwaulize "ni kuzuri?" Waulizeni Desemba mabweni yakifungwa walilala wapi na nani alilipa. Waulizeni kama duka la karibu linafikika bila gari, mshauri wa wanafunzi wageni anajibu barua kwa siku ngapi, wangapi walioingia nao hawapo tena. Mwulize aliyehitimu kama alipata kazi katika miezi 12 ambayo mgeni huruhusiwa, baada ya kuhitimu, kufanya kazi ya fani yake nje ya chuo. Wa sayansi, hisabati na kompyuta wamekuwa wakiweza kuongezewa 24. Na hapa pana ujanja mdogo: uchumi katika chuo kimoja husajiliwa kama fani ya kawaida, katika kingine kama uchumi wa takwimu, na huyo wa pili ndiye huingia kwenye nyongeza. Uliza kabla. Kanuni hizi hubadilishwa, zithibitisheni mwaka wenu.

Baridi nitaipita. Mtavaa nguo.

Wakala anayedai elfu hamsini akuhakikishie nafasi, mfukuze. Vyuo vingi husamehe hata ada ya maombi ukiomba.

Majibu mengi hutoka Machi, na kwa kawaida chuo hutaka neno lako kufikia tarehe 1 Mei. Msaada ukiwa hautoshi, andika kuomba uangaliwe upya, ukiambatanisha hati za kweli za mapato ya nyumbani, wengine huongezewa. Ukikataliwa nyongeza na hesabu ya miaka minne haitoshi, kataa, hata kama mtaa mzima umeshasikia. Na nafasi yako ya chuo cha hapa Kenya uliyopangiwa na KUCCPS usiiachilie, wala usimwambie baba auze shamba, mpaka I-20, ile hati ya chuo ya kuombea visa, iko mkononi na visa imebandikwa kwenye pasipoti.

Ni mimi,
Mwalimu wenu mstaafu, Kilifi