Risala ya kikundi cha kutunza programu za zamani kwa mgeni rasmi, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi mama yetu Afisa Elimu Kata, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Asante sana mama kwa kufika, maana mvua hii ya masika na tope la huku Majengo tunalijua wenyewe.

Mama, sisi tunakutana hapa shuleni kila Jumamosi, kwenye kale kachumba nyuma ya maabara. Tunachukua flopi, zile diski bapa za kuhifadhia kazi za kompyuta enzi zile, na kompyuta zilizosahaulika stoo, za shule, za vyama vya ushirika, za watu binafsi, tunatoa kilichomo kabla hakijafa. Wengi wanatuuliza hayo makorokoro ya nini. Kompyuta ya kwanza nchi hii ilifungwa Wizara ya Fedha 1965, halafu 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza, kwahiyo zile zilizokuja baadae na kazi waliyofanya wazee wetu humo ndo historia yetu, sasa tukiiacha iliwe na ukungu nani mwingine atatutunzia?

Na hili sio la kwetu tu. Uingereza mwaka 1986 BBC iliwashirikisha wanafunzi wa mashule kuandika habari za maeneo yao, zikawekwa kwenye diski kubwa za leza, kukumbuka miaka 900 ya kitabu chao cha sensa cha 1086. Haikupita hata miaka 20 mashine za kusomea zile diski zikawa adimu, ikabidi wataalamu wahangaike kuziokoa, wakati kile kitabu cha 1086 bado kinasomeka!

Flopi moja ya inchi 3.5 ya 1.44 MB ina vipande 2,880, draivu, yaani kifaa cha kuisomea, inasoma kimoja kimoja, ikiwa nzima ni dakika chache tu ila ikiwa mbovu unakaa nayo hata asubuhi nzima unairudia rudia. Kilichotoka tunakiweka kwenye faili moja, tunanakili sehemu mbili, halafu tunakifungua kwa DOSBox, programu inayoifanya laptop ya leo ijifanye kompyuta ya enzi zile. Kazi haina ugumu wa ajabu mama, inataka uvumilivu na watu.

Na watu ndo hatuna. Tulianza 14, leo waliosimama hapa mbele yako ni wanne. Hatuwalaumu walioondoka, wengine wamepata chuo, wengine wana familia, na kazi yetu haina posho, nauli na bando ni mfukoni mwako. Shida ni kwamba mtu akiondoka anaondoka na ujuzi wake. Mwaka jana mwenzetu mgeni aliweka flopi yenye ukungu bila kuisafisha, kichwa cha draivu kikachafuka, kikaja kukwaruza flopi saba zilizofuata, na zile saba hazina nakala popote duniani. Hakuwa na kosa, aliyetakiwa kumfundisha alikuwa keshaenda Dodoma. Iliniuma sana ile siku na bado inaniuma.

Hata hiyo DOSBox tunayoitegemea inatengenezwa na watu wa kujitolea, toleo la 0.74 lilitoka 2010 na lililofuata likaja 2018, miaka nane hiyo, na dunia nzima inaitumia.

Sasa mama hapa naomba utusikilize vizuri. Watu wakisikia kompyuta wanadhani tunatafuta vijana wa kuandika programu. Hapana, tunaowahitaji kuliko wote ni mama zetu makatibu muhtasi waliostaafu, wale waliosomea WordPerfect ya kuchapia barua na Lotus 1-2-3 ya mahesabu, ambao akiona lebo imeandikwa herufi tatu kwa kalamu anakwambia hapohapo hii ni ya mishahara, hii ni ya mizani ya kahawa. Sisi tunaweza kulifungua faili lakini hatujui ni nini, yeye anajua. Mama mmoja alikuja mara mbili tu na kwa siku hizo mbili tulitambua flopi nyingi kuliko miezi mitatu iliyopita, tena alikuwa anacheka na kufuta machozi akiona barua alizochapa mwenyewe akiwa msichana.

Kwahiyo hatukuombi hela leo. Tunaomba utusemee kwenye vikao vya kata, makanisani na msikitini, kwamba wastaafu hao tunawatafuta. Tunaomba pia mwalimu mkuu aruhusu wanafunzi wa kidato cha pili waingie kikundini, wasiwe wa kidato cha nne tu, ili mtu akae na sisi miaka miwili amfundishe na mwenzake kabla hajamaliza.

Ni Jumamosi saa nne asubuhi, chai ipo, na ngazi pale mlangoni tumeshaweka mbao ili wenye magoti mabovu wapite.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.