Mheshimiwa Waziri, daraja la Jangwani linakuja, lakini mchanga wa Msimbazi je?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Nakaa Magomeni, Dar es Salaam, na biashara yangu iko Kariakoo, hivyo bonde la mto Msimbazi pale Jangwani navuka asubuhi na jioni. Masika yakikolea, siku mbaya naijua kabla sijaufikia mto: basi la mwendokasi linaishia Magomeni Mapipa, tunashushwa wote, mbele kuna kamba na askari.

Kuna Aprili moja nilisimama pale karibu na mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, anampeleka Muhimbili. Kituo cha Fire, ng'ambo ya mto, kile pale, anakiona kwa macho. Vijana wa mikokoteni wakamwambia watamvusha. Akayatazama yale maji, rangi ya chai ya maziwa, yanavyokwenda kasi, akarudi nyuma kutafuta bodaboda ya kumzungusha kwa daraja la Salenda. Sijui mtoto alifika katika hali gani, na hadi leo namkumbuka.

Kwa hiyo daraja jipya la mita 390 nalipokea kwa mikono miwili. Lile la zamani ni fupi, tena limekaa chini mno kwa mto unaokusanya maji tangu vilima vya Pugu na Kisarawe.

Hofu yangu ni mchanga. Wakati wa kiangazi nimeshuka chini ya daraja la zamani. Chupa za plastiki zimezama mchangani hadi shingoni, matairi yamelala, na kutoka pale chini hadi sakafu ya daraja mtu mzima anapita ameinama. Kijiko kinakuja, kinachota, kinarundika kando ya mto. Mvua ya kwanza inaurudisha mchanga uleule. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na linaniuma, kwa sababu ni fedha zetu zinazorudi majini.

Naomba, Mheshimiwa, kazi ya kutoa mchanga iwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, na iwe imekwisha kabla ya Machi. Unaochotwa upakiwe kwenye malori siku hiyohiyo. Ukae pia na wenzako wa mazingira na manispaa za huko juu, maana mchanga huu unaanzia kwenye kingo zinazolimwa na kujengwa hadi ukingoni mwa maji.

Ratiba ya kazi hiyo ibandikwe palepale darajani. Sisi tunaopita kila siku tutaisoma.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Magomeni