Saa nane ya kumeza dawa ni ipi?

Mhariri,

Maelekezo ya dawa yasemayo "kidonge 1 kila saa 8" yana hatari. Kwa Kiswahili saa nane ni muda wa saa 8, na pia ni wakati fulani wa siku. Mgonjwa anaweza kumeza kidonge kimoja tu, saa nane mchana, akaamini amefuata agizo, kumbe amepata theluthi ya dozi. Mfamasia aandike hivi: "Kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku." Maneno machache, lakini yanaokoa.

Hesabu yetu haina kasoro. Huanzia jua linapochomoza na linapozama, na karibu na ikweta nyakati hizo hazibadiliki sana mwaka mzima. Tatizo ni kuichanganya na saa ya simu. Tangazo la "saa 2:00" pekee humfikisha mmoja asubuhi na mwingine mchana, tofauti ya saa 6 nzima. Ongezeni asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara. Ratiba ya kimataifa ibaki 14:00, bila neno "saa" mbele yake.

Tarehe nazo zinahitaji uangalifu. Kwa desturi ya pwani siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa wengi ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Waandishi, tumieni "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa".

Msomaji wenu,
Tanga