Kinachopimwa ni kipande cha mkaa, si gofu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo ambalo habari za magofu ya pwani hulipita juu juu. Tunasoma kwamba msikiti fulani "umepimwa kwa kaboni" ukaonekana una miaka 800. Msikiti haupimwi. Kinachopimwa ni mkaa, mbegu, mfupa au kombe lililookotwa ndani yake, na kazi ngumu ni kuonyesha kwamba kitu hicho kinahusiana na siku ukuta ulipojengwa.

Kiumbe akiwa hai hupata kaboni 14, aina ya kaboni inayooza polepole, kutoka hewani au katika chakula. Akifa, mapato hukatika na akiba huanza kuoza: kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu ya ile iliyokuwapo. Maabara hupima kilichobaki. Saa, basi, huanza kuhesabu siku ya kufa, na kwa mti mkubwa siku hiyo si moja. Pete za moyoni huacha kupokea kaboni mpya hata kama matawi bado yana majani. Mkaa wa moyo wa mvule unaweza kusoma miaka mingi kabla ya shoka kuugusa.

Boriti ya mkoko haina sana shida hiyo, kwa kuwa hukatwa ikiwa nyembamba. Ukichukua pete ya nje kabisa, chini ya ganda, umeukaribia mwaka wa kukatwa. Shida yake ni nyingine: boriti nzima haitupwi. Nyumba ikibomoka, boriti huhamia nyumba ya pili na umri wake. Ndiyo maana mchimbaji makini hutafuta kitu cha msimu mmoja, kama punje ya mtama, kifuu cha nazi au kokwa ya tende. Na punje ipimwe yenyewe, umri wake usikisiwe kwa mkaa uliokuwa kando yake, kwa sababu kaa na panya huchimba mashimo na mbegu ya juzi hutumbukia kwenye tabaka la kale.

Wapo wanaouliza kwa nini isipimwe chokaa yenyewe. Kinadharia inawezekana, kwani chokaa inaposhika hunyonya hewa ukaa ya wakati ule. Lakini chokaa yetu ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, na tanuu haliivishi kila jiwe. Chembe za tumbawe bichi hubaki na kaboni ya zamani, na chache tu zinatosha kuuzeesha ukuta. Afadhali vipande vya mkaa vilivyonaswa ndani ya chokaa, ambavyo mara nyingi ni masalio ya kuni za tanuu. Hapo pia chagua vijiti, acha magogo.

Kombe lina mtego wake. Maji ya vilindi hukaa muda mrefu bila kukutana na hewa, kisha huchanganyika na ya juu, kwa hiyo kiumbe wa baharini husoma mzee kuliko mbuzi aliyekufa siku hiyohiyo, kwa takriban miaka 400. Marekebisho yake hutofautiana toka pwani moja hadi nyingine, na hupatikana kwa kupima makombe yaliyovuliwa hai, mwaka ukajulikana, kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia kuongeza kaboni 14 hewani. Hata mifupa ya watu waliokula samaki maisha yao yote huzeeka kwa namna hii. Ripoti ya mfupa wa mtu wa pwani isiyotaja vipimo vya kaboni 13 na naitrojeni 15, vinavyoonyesha alikula vya bahari kwa kiasi gani, ina pengo.

Sasa tarakimu. Maabara ikiandika 800 ± 30, miaka hiyo huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950, si kutoka leo. Ile 30 inafunika nafasi mbili tu kati ya tatu. Anayetaka uhakika wa asilimia 95 huizidisha kwa mbili. Kisha jibu lazima lisawazishwe kwa jedwali lililotokana na pete za miti, kwa kuwa kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa kilekile kila karne. Ukitoa 800 kwenye 1950 unapata 1150. Ukisawazisha unaangukia karne ya 13. Kwa historia ya Kilwa, hilo si kosa dogo. Jedwali la kizio cha kusini la sasa ni la 2020, ila pwani yetu hupata pia hewa ya kaskazi kila mwaka, ndiyo sababu watafiti wengine huchanganya majedwali mawili. Mwandishi aulize limetumika lipi.

Kwa nyumba za karne ya 18 na 19, kama nyingi za Mji Mkongwe, kaboni ni kupoteza fedha. Kipimo cha 150 ± 30 kinaweza kuangukia popote kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi ya 20. Vigae vya vyombo vilivyoletwa kwa majahazi vitakusaidia zaidi.

Upande wa pili, kaboni huishiwa nguvu kwenye miaka kama 50,000. Mtoto aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, miaka 78,000 iliyopita, alipatiwa umri kwa mwanga uliohifadhiwa kwenye chembe za mchanga tangu zilipofunikwa. Sampuli ya mchanga huo huchukuliwa kwa bomba la chuma lililogongomelewa ukutani mwa shimo na hufunguliwa kwenye taa hafifu nyekundu. Ikipigwa na jua imeharibika. Ile miaka milioni 1.75 ya Olduvai ilitoka kwenye majivu ya volkano, kwa potasiamu na agoni, mwaka 1961. Kuandika kwamba ilikuwa kaboni ni kosa.

Mwisho, kwa mafundi wanaochimba misingi. Mkikuta mifupa au mkaa, simameni na mwite ofisi ya mambo ya kale kabla ya kugusa. Kama tabaka linabomoka na mvua inakuja, chukueni kwa mwiko safi, mfunge kwa foili ya alumini, kisha mfuko wa plastiki, lebo ikae nje. Si pamba, si gazeti, si gundi: vyote vina kaboni. Majivu ya sigara hali kadhalika. Mfupa usio na kaboni 14 hata chembe, ukiingiwa na asilimia 1 tu ya kaboni ya leo, utasoma kama miaka 37,000. Kikiwa na unyevu kianikwe kivulini, kisiote ukungu. Mkaa wa uzito wa punje ya mchele unatosha kwa mashine za sasa. Mfupa gramu moja, jino likiwapo ni bora. Andikeni kina kwa sentimita na rangi ya udongo, na mpige picha ya ukuta wa shimo kabla haujaporomoka.

Mchimbaji wa mambo ya kale,
Kilwa Masoko